Modeli ya jicho na ubongo wa njiwa: nzuri, ila rangi!

Nimeichukua ya kufundishia na aisee imenifurahisha, unafungua fuvu unaona kabisa neva ya jicho la kushoto inavuka kwenda upande wa kulia wa ubongo na ya kulia inaenda kushoto, maana kwa ndege karibu nyuzi zote zinavuka, sio nusunusu kama kwetu binadamu. Tektamu nayo, ile sehemu ya ubongo inayopokea taarifa za macho, wameifanya kubwa inavyotakiwa, si ndiko nyuzi nyingi zinakoishia.

Ila rangi jamani! Neva zote mbili wamezipaka njano ileile, pale kwenye makutano hujui ipi ni ipi, mi nikachukua kalamu nyekundu nikaipaka moja. Sumaku ya kushikia jicho pia imelegea. Wanafunzi lakini wanaigombania kila kipindi.