Waya wa DisplayPort nilionunua Kampala: "Imewaka au haijawaka?"

Sina desturi ya kuandika malalamiko kuhusu vitu vidogo, na huenda hata hili ningelimeza, lau muuzaji wa duka moja katika majengo ya vifaa vya elektroniki karibu na Kampala Road asingenifanya kichekesho mbele ya wateja wake. Nilikwenda kutafuta waya wa DisplayPort, yaani waya wa kupeleka picha kutoka kompyuta kwenda skrini, wa mita 3, kwa kuwa ule uliokuja ndani ya boksi la skrini yangu haukufika chini ya meza ninapoiweka kompyuta.

Wapo watakaouliza kwa nini sikuchukua HDMI, ule waya wa picha uliozoeleka kwenye televisheni, nikatulia. Skrini yangu ni ya 1440p (mistari 1,440 ya picha), na tundu lake la HDMI linaishia hezi 144, yaani picha 144 kwa sekunde, ilhali kwa DisplayPort inafika 165. Hilo ningeweza kulivumilia. Nisichoweza kukivumilia ni picha kukatika katikati wakati wa kugeuka haraka kwenye gemu: kadi yangu ya grafiki, inayotengeneza picha ndani ya kompyuta, ni ya kampuni ya NVIDIA, skrini ni ya FreeSync, teknolojia ya kuifanya skrini iende sambamba na kasi ya kadi, na ruhusa ambayo NVIDIA ilitoa Januari 2019 ili viwili hivyo viende pamoja hupita kwenye DisplayPort, si kwenye HDMI ya zamani kama hii yangu.

Nilimweleza muuzaji hayo yote kwa upole. Akajibu, "Bosi, waya ni waya." Akauchomeka kwenye skrini ya ofisi iliyokuwa juu ya kaunta, picha ikatokea, naye akanikazia macho: "Imewaka au haijawaka?" Ilikuwa imewaka. Nikalipa shilingi 45,000, nikapanda boda kurudi nyumbani Kireka.

Nilipoweka hezi 165, skrini ilianza kuzima kwa sekunde moja au mbili na kurudi, kisha kuzima tena, mara nyingi wakati ule ule adui anapojitokeza. Nikishuka hadi hezi 60, inatulia kama maji ya mtungini. Usiku nilizima kompyuta, nikazima na taa ya chumba, ndipo nikaona jambo lililonikasirisha kuliko yote: taa ndogo nyekundu pembeni mwa kadi ya grafiki ilikuwa bado inawaka, hafifu, ilhali kompyuta nilikuwa nimeichomoa kabisa ukutani. Nilipong'oa waya ule, taa ikazimika. Nilipourudisha, ikawaka.

Maelezo yake yanajulikana. Pini ya 20 ya DisplayPort ni ya umeme, na waya wa kawaida unaotoka kompyuta kwenda skrini haupaswi kuiunganisha upande hadi upande. Watengenezaji wasiojali huiunganisha, na umeme wa skrini unarudi kinyumenyume kwenye kadi, hata baadhi ya kompyuta hugoma kuwaka. Kadi ile niliinunua kwa jasho, nikalipa kidogo kidogo, na hapa imo hatarini kwa sababu ya mtu asiyetaka kusikiliza.

Nilirudi dukani nikiwa bado na heshima zangu. Muuzaji aliuchomeka tena kwenye skrini ile ile ya ofisi. Nilimwambia kwamba skrini hiyo, kwa 1080p na hezi 60, inahitaji chini ya robo ya data inayohitajiwa na yangu, hivyo jaribio lake halithibitishi lolote, nikamwomba aujaribu kwenye mojawapo ya skrini za gemu alizozipanga dirishani. Akasema zile ni za kuuza. Akaongeza kwamba kasoro ni umeme wetu wa Kireka, akanionyesha kwa kidole mstari ulio chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na mwisho akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mzee, nenda ukacheze ludo, haihitaji waya." Wakacheka.

Nilikuwa nimekusudia kuwashauri muachane na DisplayPort, mchukue HDMI, mpoteze hezi chache na mlale salama. Ushauri huo ninaufuta ninapouandika, maana kosa si la DisplayPort: ule waya mfupi wa boksini, nilipoinyanyua kompyuta juu ya meza, unafanya kazi kwa hezi 165 bila kupepesa. Kwa kadi na skrini kama zangu, chagueni DisplayPort, mita 2 zikitosha msizidishe, na mtafute waya uliothibitishwa na VESA, chama kinachosimamia viwango vya DisplayPort. Duka likikataa kuujaribu kwenye skrini ya kasi, ondokeni hata kama bei ni tamu.

Waya wenyewe bado ninao. Nilitaka kusema kwamba mwenye skrini ya kawaida ya ofisini aje auchukue bure, kwa hezi 60 utamfaa. Lakini nikiikumbuka ile taa nyekundu, hapana, hata bure siutoi.