Miaka mitatu ya shahada ya biolojia: uzoefu wangu wa kozi, maabara na tope la mikoko

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilikuwa na alama za kutosha kwenda chuo kikuu, lakini hazikutosha kusomea udaktari. Mliosoma PCB au CBG, michepuo ya sayansi yenye biolojia, mnaijua hali hiyo. Dirisha la udahili lilipofunguliwa nikajaza udaktari vyuo vitatu, na mwishoni, ili nafasi isibaki wazi, nikaweka shahada ya sayansi ya biolojia katika chuo kimoja cha umma. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichukua. Nyumbani Pangani mama aliwaambia majirani kwamba binti yake amepata chuo, lakini walipomuuliza nasomea nini, alinigeukia mimi nijibu.

Nimeshahitimu. Naandika kwa ajili ya wanaojaza maombi sasa, hasa wale ambao biolojia wameiweka mstari wa mwisho kama nilivyofanya mimi. Chuo sitakitaja. Mengi yaliyoniumiza pale wenzangu wa vyuo vingine wananiambia nao wameyapitia, na yaliyonijenga yalitokana zaidi na kozi nilizochagua na watu walionifundisha kuliko jina lililo getini.

Shahada ni ya miaka 3, mihula 6. Kila muhula una kozi za lazima na za hiari. Kwetu alama 40 zilitoka kwenye majaribio na ripoti za praktiko, na 60 kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. A inaanzia 70, GPA, yaani wastani wa alama zako, inahesabiwa kwa 5, na daraja la kwanza ni kuanzia 4.4. Lishike hilo mapema, kwa sababu ripoti ya praktiko unayoidharau wiki ya tatu ndiyo itakayokupeleka kwenye sapu, mtihani wa marudio, mwezi wa tisa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, na ugumu wenyewe haukuwa kwenye masomo. Biolojia ya seli, anuwai ya mimea, wanyama wasio na uti wa mgongo na kemia kidogo ni mambo ambayo aliyesoma vizuri kidato cha tano na sita anayamudu. Shida ilikuwa wingi wetu. Tulisoma ukumbi mmoja na wanafunzi wa ualimu wa sayansi, na aliyechelewa dakika kumi alikaa kwenye ngazi, daftari gotini. Maabarani hadubini moja ilikuwa ya watu sita au saba.

Nakumbuka praktiko ya ncha ya mzizi wa kitunguu. Unakata ncha, unaipasha moto kwenye asidi hafifu, unaipaka rangi, unaifunika kwa kioo chembamba, kisha unaiminya kwa dole gumba ili seli zitandazike. Ukifanya vizuri unaziona kromosomu kwa macho yako. Zamu yangu ilipofika zilikuwa zimebaki dakika tano na taa ya hadubini ilikuwa inafifia. Sikuona kitu. Nikachora alichochora mwenzangu, naye alikuwa amechora kutoka kitabuni. Nilipata 7 kati ya 10. Alama ile iliniuma kuliko ningepata sifuri, maana nilisifiwa kwa kitu nisichokiona.

Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole aliyekuwa akikusanya vifaa, alikuwa ameyaona yote. Akatuambia, "Wanangu, mnachora msichokiona. Njooni Ijumaa saa kumi jioni, maabara ikiwa tupu." Tulikwenda wawili tu. Akatuwekea hadubini moja kila mtu, akatufundisha kuminya slaidi bila kuivunja, akatuacha. Ilinichukua karibu saa nzima. Kisha nikaiona: seli moja katikati ya nyingine zilizolala, kromosomu zake zimeshaachana, kundi moja linavutwa juu na jingine chini, kama vidole vilivyokuwa vimefumbatana sasa vinachomoana. Nikamwita mwenzangu kwa sauti kubwa hadi mzee akaja mbio akidhani nimevunja kitu.

Tangu siku hiyo niliacha kusoma kwa madesa, zile nakala za notisi na mitihani iliyopita. Sisemi madesa hayana faida. Stesheneri ya karibu na hosteli ilikuwa na ya miaka na miaka, na wapo waliofaulu kwa hayo peke yake, kwa sababu baadhi ya maswali yalikuwa yakijirudia. Hilo ni kosa la kozi na nalisema kwa uchungu. Lakini ukitegemea madesa utatoka na cheti bila kuwahi kuiona seli ikigawanyika, na ukifika kazini ukapewa hadubini mikono itatetemeka. Watafute mafundi wa maabara. Wasalimie kwa heshima, waulize saa gani maabara huwa tupu. Mimi nawahesabu miongoni mwa walimu wangu.

Mwaka wa pili mambo yalifunguka. Jenetiki ilikuwa ngumu darasani lakini praktiko yake sitaisahau. Tulilea inzi wa matunda kwenye chupa, chakula chao uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Kwa joto la nyuzi 25 kizazi kimoja hukamilika kwa siku kama 10. Kazi ni kuwapata majike ambao bado hawajapandana, na muda wa kuwatenga ni kama saa 8 tu tangu watoke kwenye bundo (pupa), kwa hiyo tulipangiana zamu hadi usiku. Tukawapandisha majike wenye macho meupe na madume wenye macho mekundu. Watoto walipotoka, wa kike wote wana macho mekundu na wa kiume wote macho meupe. Wote! Jambo hilo la macho meupe kufuata jinsia aliliripoti Thomas Hunt Morgan mwaka 1910, na hesabu yake nilikuwa nimeikariri tangu sekondari. Kuwamwaga inzi kwenye karatasi nyeupe na kuwatenga kwa ncha ya brashi, jike huku, dume kule, ni kitu kingine kabisa.

Mikrobiolojia nilisoma, nikafaulu, sikuipenda sana. Ila nitoe angalizo kwa wanaoikimbilia wakidhani itawaingiza maabara za hospitali: shahada ya mikrobiolojia si shahada ya maabara ya tiba. Usajili wa wataalamu wa maabara za afya una masharti yake. Ulizia kabla ya kujaza, usiulizie mwaka wa tatu kama walivyofanya rafiki zangu wawili, wakalia.

Takwimu za biolojia nazo watu huzikwepa. Msizikwepe. Tulifundishwa kwa R, programu ya kuchambua takwimu ambayo ni ya bure, na kompyuta mpakato ya zamani inaiendesha. Kila utafiti utakaoufanya baadaye utarudi pale.

Sasa nije kwenye ikolojia, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Mhadhiri wetu, Dokta mmoja asiyependa kuta nne, alitupeleka kwenye mikoko wakati wa maji kupwa. Nimezaliwa na mikoko. Nilidhani hakuna atakachonionyesha. Tulitandaza kamba kutoka ufukoni kuelekea bahari, mita mia moja, na kila mita kumi tukaweka fremu ya mraba na kuhesabu kilichomo. Tope lilifika magotini. Dokta akawa anataja majina: Avicennia marina, Rhizophora mucronata, Ceriops tagal, Sonneratia alba. Wenzangu wa bara wakawa wanahangaika kuyaandika. Mimi nikawa nayatafsiri moyoni yanavyopita: mchu, mkoko, mkandaa, mlilana.

Akanisikia nikinong'ona. Akasimama. "Huo umeuitaje?"

"Mlilana, Dokta."

"Na unaota wapi, kwa unavyojua wewe?"

Nikamjibu kwamba huota mbele kabisa, kwenye maji, ndio wa kwanza kupokea wimbi. Akawageukia wenzangu akasema kwa Kiswahili, darasa zima lisikie, kwamba nilichosema ndicho tulichokuwa tunakipima kwa kamba tangu asubuhi. Kisha akatuchumia kila mmoja jani la mchu, akatuambia tulambe. Chumvi. Mti ule huisukuma chumvi nje kupitia majani. Mkoko wenyewe hutumia njia nyingine: mizizi yake huizuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie. Miti miwili jirani, tope moja, maji yale yale, na kila mmoja na mbinu yake ya kuishi. Nilikuwa nimecheza chini ya miti hiyo miaka kumi na nane na sikuwahi kulamba jani.

Nataka kusema jambo kuhusu lugha hapa. Msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ninachokijua kwa Kiswahili si elimu. Kozi ile iliniondolea imani hiyo. Anayeujua mlilana kwa mbao zake, kwa mahali unapoota na kwa maji yanayoufikia ameshaanza ikolojia, na chuo kinampa namna ya kuhesabu na kuthibitisha. Wahadhiri wanaofundisha hivyo ni wachache. Ukimpata mmoja, chagua kila kozi yake.

Mwaka wa tatu nilichukua uainishaji wa mimea na biolojia ya uhifadhi. Uainishaji ulitufikisha Amani, Usambara Mashariki, wiki moja ya mvua na ruba. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea pale mwaka 1902, na miti waliyoipanda kutoka pande mbalimbali za dunia bado imesimama. Mmoja uliotoroka mashamba na kuvamia msitu ni Maesopsis eminii, mti wa asili kwa upande wa Kagera lakini mgeni pale. Tulijifunza kukausha mimea kwa magazeti na presi, kubadilisha magazeti kila siku, na kuandika lebo: tarehe, mahali, mwinuko, rangi ya ua likiwa bichi, maana likikauka rangi hupotea. Mmea wetu maarufu kule ni ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo watu wa Ulaya hulipanda kwenye vyungu dirishani. Nililiona limeota lenyewe kwenye mwamba wenye unyevu, nikakaa nalo mpaka nikaitwa mara tatu.

Kwenye uhifadhi tulisoma habari ya chura wa Kihansi. Nilidhani ni hadithi ya bwawa la umeme tu. Chura mwenyewe hafiki sentimita 3, hazai mayai bali huzaa vitoto vilivyokamilika, na makazi yake yote yalikuwa hekta chache za manyunyu ya maporomoko kwenye korongo la Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996, maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika, ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aliyebaki alikuwa kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Walizalishwa huko, wakaanza kurudishwa nchini mwaka 2010, wengine wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaachiwa tena korongoni. Kazi hiyo imefanywa na watu waliosoma kozi kama hizi. Ndipo nilipoacha kujiita niliyekosa udaktari.

Utafiti wa mwisho ndio ulioniumiza zaidi. Fedha ya utafiti ilichelewa mpaka nikawa nimeshamaliza kukusanya takwimu. Kamba, chupa na nauli nililipia kwa bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, na wiki mbili nikala mlo mmoja kwa siku. Msimamizi alikaa na rasimu yangu mwezi mzima. Chuo kinachodai utafiti kwa kila mhitimu kinapaswa kujiandaa kuugharamia, na hili nitalisema popote nitakapoulizwa. Ukiweza, chagua swali la karibu na nyumbani, lisilohitaji vifaa vya gharama.

Mimi nilihesabu miche ya mlilana kwenye mlango wa mto Pangani. Baba mdogo, fundi wa mashua, alinishikia kamba siku zote nne. Ndiye aliyenionyesha kwa nini mafundi wanautafuta: matawi yake yana mapindo ya asili, taruma, ule ubavu wa mashua, linakuja likiwa limeshajikunja. Jioni ya siku ya mwisho, tukinawa miguu, akaniuliza, "Sasa huko chuoni haya majina yetu wanayaandika?"

Nikamwambia nitayaandika mimi. Jedwali la ripoti yangu lina safu mbili, la Kilatini na la Kiswahili, na msimamizi hakulifuta. Nilitoa nakala ya pili, nikaipeleka nyumbani. Baba mdogo hasomi Kiingereza, lakini ile kurasa ya jedwali ameikunja pembe, na ripoti anaiweka kwenye kasha la zana, juu ya patasi, isilowe.