Diski Z ya chuo ukiwa Kisumu: nyota tano kampasini, tatu nyumbani

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kuunganisha folda ya seva ya chuo na laptopu yako ili ionekane kama diski nyingine ya kawaida, mara nyingi kwa herufi Z. Nimeitumia kwa waya maabara na kwa bando la simu nikiwa Kondele. Kampasini inastahili nyota tano bila ubishi. Nyumbani ni tatu, na hata hizo utazipata tu ukiichukulia diski hii kama ghala wala si meza ya kazi: toa faili, ifanyie kazi kwenye laptopu, kisha irudishe.

Kuunganisha ni kazi ya dakika mbili. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, ingia This PC, bofya nukta tatu zilizo juu, uchague Map network drive. Kwenye Windows 10 kitufe hicho kiko chini ya Computer. Herufi ichague kutoka mwisho, Z au Y, maana flashi hunyakua E na F, nawe utabaki ukishangaa diski imeenda wapi. Kwenye nafasi ya Folder andika mikwaju miwili inayolalia nyuma, jina la seva, mkwaju mmoja, jina la folda: \\seva\tafiti. Tia alama kwenye Reconnect at sign-in, halafu kwenye Connect using different credentials. Hiyo ya pili ndiyo wengi huiruka, na Windows hujaribu kuingia kwa jina unalofungulia laptopu yako, jina ambalo seva haijawahi kulisikia. Jina lako la kuingilia chuoni nalo linataka kutanguliwa na kikoa (domain, yaani jina la mtandao wa chuo) na mkwaju, si jina tupu.

Wenye Mac hubonyeza Command na K ndani ya Finder, kisha huandika smb://seva/tafiti. Anwani hiyohiyo hufanya kazi kwenye Ubuntu, na pia kwenye iPhone kuanzia iOS 13, ndani ya programu ya Files.

Ukiwa nje ya kampasi, anza na VPN, programu inayokuingiza kwenye mtandao wa chuo kupitia intaneti, ndipo uguse Z. Itifaki ya SMB, yaani lugha ambayo laptopu na seva hutumia kupeana faili, hupitia mlango (port) 445, na chuo chenye busara huufunga mlango huo kwa yeyote atokaye intaneti. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kupitia udhaifu wa toleo la kwanza la SMB, kwa hiyo usimlaumu fundi anayekataa kuufungua. Wengine hudhani eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo ambayo hapa Kenya hutolewa kupitia KENET, mtandao wa elimu na utafiti, inatosha. Inatosha ukiwa kwenye chuo chako. Ukijiunga nayo kwenye chuo cha wenyewe, wewe ni mgeni wa mtandao ule, na VPN bado utaihitaji.

Alama nyekundu ya X kwenye Z asubuhi si ugonjwa. Windows imejaribu kuunganisha kabla VPN haijawaka. Washa VPN, bofya diski mara mbili, itaamka. Usiifute uanze upya. Ikikataa kwa kosa 53, njia haionekani: jaribu jina kamili la seva lenye nukta zake zote, kwani jina fupi ulilolizoea kampasini mara nyingi halitambuliki kupitia VPN. Kosa 1219 lina maana kwamba tayari umeunganishwa na seva hiyohiyo kwa jina jingine. Fungua Command Prompt, andika net use uone kilichopo, kisha net use Z: /delete, au net use * /delete ukitaka kusafisha yote. Kosa 86 au 1326 ni nenosiri.

Hapo kwenye nenosiri ndipo watu huumia zaidi. Ukilibadilisha kwenye tovuti ya chuo, laptopu haijui. Itaendelea kulituma lile la zamani kimyakimya hadi akaunti yako ifungwe, pengine usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu. Siku unayobadilisha nenosiri, ingia Credential Manager, ghala la manenosiri la Windows, sehemu ya Windows Credentials, ufute jina la seva pale. Fanya hivyo hapohapo, usiahirishe.

Sasa mwendo. SMB huuliza na kujibiwa mara nyingi kwa kila faili, na kila swali husubiri safari ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana picha 3,000 ndogo za utafiti wa gugumaji kwenye Ghuba ya Winam huchelewa kuliko faili moja ya zip yenye uzito uleule. Zifunge kwanza kwenye zip. Kwa mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde, GB 1 huchukua takriban dakika 17 ikienda vizuri, na haiendi vizuri kila mara: mvua ikishuka au stima ikipotea, kunakili kwa kuburuta hukatika na huanza upya. Tumia robocopy, amri ya kunakili ya Windows, ndani ya Command Prompt:

robocopy Z:\data D:\data /E /Z /R:5 /W:10

/E hubeba folda za ndani, /Z huendeleza faili pale ilipokatikia. /R na /W usiziache, kwa sababu bila hizo amri hujaribu tena mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara. Na kaa mbali na /MIR mpaka uielewe, kwa kuwa hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza.

Kufungua Word moja kwa moja kutoka Z kupitia VPN kunavumilika. Hifadhidata hapana. Faili za Access na GeoPackage za QGIS, programu ya ramani, huweza kuharibika muunganisho ukikatika katikati ya kuandika. Ukinakili shapefile, aina nyingine ya data ya ramani, beba vipande vyote, .shp, .shx, .dbf na .prj.

Kitu kingine: faili ukiifuta kwenye Z haiendi kwenye Recycle Bin. Imeondoka. Bofya folda kulia, Properties, Previous Versions, uone kama seva hutunza nakala za nyuma. Angalia leo, kabla hujazihitaji.

Bando nalo. VPN nyingi za vyuo hupitisha kila kitu, hata masasisho ya Windows. Kwenye mipangilio ya Windows, weka muunganisho wako kuwa Metered connection, yaani wa kubana data, na usimamishe OneDrive kabla ya kuanza.

Tangu toleo la 24H2, Windows 11 Pro hukataa muunganisho usio na sahihi ya SMB (alama inayothibitisha kuwa ujumbe haujachezewa njiani) na ule wa mgeni asiye na nenosiri. Seva kubwa ya chuo haisumbuki, lakini visanduku vya zamani vya kuhifadhia data kwenye idara huacha kuonekana ghafla. Mwombe fundi asasishe kisanduku na akuwekee akaunti yenye nenosiri. Akikwambia uwashe SMB1, lile toleo la kwanza, kwenye laptopu yako, kataa.