Sevisi ya baada ya masika, Moshi: pesa ilipokaa na ilipopotea

Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe, yaani nawapandikizia mbegu za dume bila dume kuwepo. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, jioni natakiwa niwe nimefika; akionekana jioni, kesho yake asubuhi. Nikipitwa, mwenye ng'ombe anasubiri siku 21 nyingine, na huyo mtu hataki kusikia habari za cheni iliyokatikia Kibosho. Kwa hiyo pikipiki kwangu ni jembe. Yangu ni ya Kihindi, cc 125, ina miaka minne. Nyumbani ni Pasua, kazi zangu nyingi ziko Kibosho na Uru, na mara mojamoja nashuka Chekereni na Kahe kula vumbi.

Kinachoimaliza ni masika. Kuanzia Machi mpaka Mei udongo mwekundu wa mlimani unateleza kama bamia, na ukishaingia ndani ya habu ukakauka unageuka tofali. Wengi hapa mjini wanafanya sevisi kubwa Februari, kabla ya mvua. Nami nilifanya hivyo miaka miwili mfululizo, nikaona nawapikia wageni wasiolipa: cheni mpya inafungwa Februari, Mei tope limeshaisaga, Juni unarudi dukani. Sasa Februari namwaga oili tu, naangalia breki na tairi. Mfuko naufungua Juni, njia zikishakauka.

Mwaka jana niliipeleka kwenye gereji moja kubwa ya mjini, ile yenye sakafu ya vigae na kijana wa mapokezi. Sevisi kamili, 60,000. Nikanywa chai hapo jirani, dakika 40 hata hazijaisha nikapigiwa simu kwamba tayari. Pikipiki inang'aa, hadi tairi zimepakwa dawa. Bahati mbaya kwao, usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimechukua rangi ya kucha ya dada yangu nikadondosha tone kwenye nati ya ekseli ya nyuma, nusu kwenye nati na nusu kwenye chuma. Niliporudi nyumbani lile tone lilikuwa zima, halina hata ufa. Gurudumu la nyuma halikufunguliwa, na kwenye karatasi yao pameandikwa "breki zimekaguliwa". Sikurudi kugombana. Ila ule mtindo wa rangi ya kucha nawapa bure, hata kwa fundi mnayemwamini.

Mwaka huu nilijipanga tofauti. Tangu Machi niliweka daftari dogo kwenye koti, kila nikisikia kitu kigeni naandika siku, mahali na sauti. "Kibosho, mteremko: breki ya nyuma inakwaruza." "Tuta la Pasua: mkia unacheza." "Usukani unajishika katikati." "Kupanda Uru, gia ya pili, inakohoa." Juni ilipofika sikumwambia fundi "angalia yote", maana fundi ukimwambia angalia yote haangalii kitu. Nilimsomea daftari.

Fundi mwenyewe anafanyia kazi chini ya mwembe hukuhuku Pasua, ana kontena moja bovu na benchi la mbao. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dokta, hiyo inataka siku mbili. Kama una haraka nenda mjini." Nikamwachia.

Alianza na kitu ambacho sijawahi kuona gereji ikifanya: aliipandisha kwenye stendi ya kati, akaushika usukani kwa vidole viwili tu na kuuzungusha taratibu kulia na kushoto. Ukifika katikati unanasa kidogo, kama droo yenye mchanga. Akanishika mkono nijaribu mwenyewe. Beringi za usukani zimekwisha, zimejichimbia vishimo pale zinapokaa muda mwingi, yaani gurudumu likitazama mbele. Halafu akaenda nyuma, akashika gurudumu na kulivuta kushoto na kulia: mkono wa nyuma, kile chuma kinachobeba gurudumu, unacheza; bushi zake, vile vikombe vya kwenye maungio, zimekula. Ndiyo ile "mkia unacheza". Vitu viwili hivyo, beringi 12,000 na bushi 6,000, ndivyo vilivyobadilisha pikipiki kuliko chochote kingine nilichonunua mwaka huu, na kwenye ile sevisi ya mjini havikutajwa kabisa.

Alipofungua habu ya nyuma tope lilimwagika kama mtori. Brekishu zilikuwa zimebaki ukingo, kama ukucha uliokatwa. Alisugua ndani ya habu kwa msasa, akaosha kwa petroli kidogo, akafunga brekishu mpya za 8,000, akapaka grisi kwenye kamu tu, kile kipande kinachotanua brekishu, chembe. Nilimuuliza mbona kidogo hivyo. "Ikizidi itayeyuka iende kwenye brekishu, halafu utanilaumu ukiwa kwenye mteremko." Pembeni ya habu kuna mshale mdogo, ukikanyaga breki na mshale ukavuka alama, brekishu zimekwisha. Miaka minne naendesha pikipiki hii sikuwahi kuutambua.

Oili ilimtia wasiwasi. Ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, siyo nyeusi. Maana yake maji yameingia kwenye injini, na nilijua lini: Aprili, ule mto mdogo nilioupita kwa ujeuri kwa sababu ng'ombe wa mama mmoja alikuwa analia tangu usiku. Fundi alimwaga, akatia oili ya bei nafuu, akaiacha injini iungurume dakika chache, akamwaga tena, ndipo akatia ya kweli, 20W-50 ya pikipiki, 13,000 kwa lita. Nasisitiza ya pikipiki. Klachi za pikipiki zetu zinaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kulainisha inayofanya klachi iteleze. Tafuta maandishi ya JASO MA kwenye chupa, ndiyo alama ya oili inayofaa klachi hizo. Kama hayapo, rudisha.

Plagi ilikuwa nyeusi tii, imejaa masizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakohoa Uru. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeziba, na ukipanda juu hewa yenyewe inazidi kuwa nyepesi, basi kabureta inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kichujio changu ni cha sponji; alikiosha, akakiminya bila kukisokota, akakidondoshea oili kidogo. Valvu alikataa kuzigusa siku hiyo. Alisema zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, akaiacha ilale. Asubuhi nilipopita saa moja alikuwa ameshamaliza, anakunywa uji.

Sasa maboresho, mahali ambapo watu wengi tunapoteza akili.

Cheni na spoketi nilizibadilisha zote tatu kwa pamoja, seti ya 38,000. Kufunga cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka ni kuichinja. Ila niliomba spoketi ya nyuma iwe na meno 44 badala ya 42, muuzaji wa karibu na soko la Mbuyuni akanibadilishia bila kinyongo. Meno mawili siyo mengi, lakini kwa mtu anayepanda Kibosho na mzigo utayasikia: pale nilipokuwa nashusha gia ya kwanza sasa napita na ya pili. Gharama yake ni kwamba kwenye lami ya kwenda Himo injini inapiga kelele zaidi na mafuta yanapanda kidogo. Kama kazi zako ni za barabara ya lami, usiniige. Na msidanganywe kupunguza meno ya mbele mkidhani ni kitu kilekile: ukitoa jino moja kwenye spoketi ya mbele yenye meno 14 ni kama umeongeza matatu nyuma, na cheni inakunjika kwa nguvu zaidi. Cheni ilitosha bila kuongeza pingili, ekseli ilisogea mbele kidogo tu. Naisafisha kwa mafuta ya taa na brashi, naipaka oili ya gia namba 90. Ile tabia ya kupaka oili chafu iliyotoka kwenye injini niliiacha. Ni kama kuoga kwa maji ya kufulia.

Tairi ya nyuma nilichukua kashata, ile yenye meno makubwa, 65,000. Kwenye udongo mkavu na kokoto inashika vizuri sana. Kwenye lami iliyolowa inabidi uiheshimu, kona unaikata kistaarabu. Ya mbele bado ina meno, nitaibadilisha Septemba kabla ya vuli. Kuzinunua zote mwezi mmoja ni kujibana bure.

Keria ndiyo iliyonigharimu fikra. Nabeba mtungi wa naitrojeni kimiminika wa lita 3, ndani yake mirija ya mbegu ikiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni yenyewe naifuata Usa River, kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, na si safari ya kufanya kila Jumatatu. Mtungi ule ni kama chupa ya chai: kuta mbili na ombwe katikati. Hautakiwi kulala, na ukitikiswa sana unapoteza naitrojeni haraka. Ukigongwa vibaya ombwe linaharibika, na hapo umebaki na sufuria ya gharama. Miaka yote nilikuwa naufunga kwa mpira wa tyubu. Mwaka huu nilimpelekea fundi wa kuchomelea kipimo, akanitengenezea kiti cha bomba la inchi moja chenye mikanda miwili, ndani nikatandika godoro lililokatwa duara. 45,000. Mara ya kwanza alikiweka nyuma mno, mbele pakawa pepesi mpaka usukani unaelea kwenye kupanda. Nilimrudishia, akakisogeza karibu na siti, hakuniongeza hata senti. Huyo nampa alama zote.

Na sasa majuto. Spotilaiti mbili za LED, 30,000. Niliziona kwa bodaboda wa stendi, zinawaka kama uwanja wa mpira, nikajiambia ukungu wa Kibosho umekwisha. Kijana wa duka la spea alizifunga yeye mwenyewe, moja kwa moja kwenye betri, bila rilei (swichi ya umeme ya kubeba mzigo wa taa) wala fyuzi, akaniambia "hazili umeme, boss". Betri yangu ni ya volti 12, saa-ampia 5. Taa zimeandikwa wati 20 kila moja. Pigeni hesabu: hata betri ikiwa imejaa pomoni, peke yake haivuki saa moja na nusu, na chaji ya pikipiki ndogo ukiwa unatembea taratibu gizani haifidii. Usiku wa tatu stata ilinyamaza nje ya boma la mteja Uru, mvua ya manyunyu, saa nne. Iliokoa kiki. Mzee wa pale alinishikia tochi, akasema, "Mwanangu, hiyo ya kukanyaga ndiyo pikipiki. Hizo nyingine mapambo." Fundi alipoziona alicheka, akanifungia fyuzi na swichi, na nimebaki kuwasha moja, kwenye ukungu tu. Ningerudisha siku nyuma ningenunua balbu nzuri ya kawaida na kusafisha kioo cha taa, ambacho kilikuwa na ukungu wake chenyewe.

Jumla ni 242,000, ukiweka na 25,000 za ufundi kwa siku zile mbili. Ukitoa ujinga wa taa, 212,000.

Kasoro za fundi wa mwembeni nazitaja pia, nisije nikaonekana nimelipwa. Hana risiti, kama unafanyia ofisi na unadai marejesho, imekula kwako. Jumamosi hapatikani, ni Msabato, na simu anazima tangu Ijumaa jua likizama. Hana mahali pa kukaa zaidi ya ndoo iliyopinduliwa. Spea unanunua mwenyewe, na hapo uwe na macho: nenda na kile kichakavu mkononi mlinganishe, maana boksi zinafanana na vilivyomo havifanani. Na ni mpole wa kazi. Ukisimama juu yake kumharakisha, anaweka spana chini.

Zile spea za zamani alinirudishia zote ndani ya mfuko wa salfeti, pamoja na brekishu na beringi zilizochimbika. Sikumwomba. Gereji ya mjini nilipowaomba mwaka jana waliniambia wameshatupa.

Wiki iliyopita nilipima mtungi. Tunapima kwa kuchovya kijiti, ukikitoa barafu inakuonyesha kina kilichobaki. Kwa kawaida baada ya wiki mbili za milima nakuta nimekaribia mstari wa kunipeleka Usa River. Safari hii barafu iliishia vidole viwili juu ya mstari. Nikapanda Kibosho kwa mama mmoja ambaye ng'ombe wake nilimkosa Aprili.