RTX 5090 na RTX 4090: Je, Kuna Haja ya Kuhama?

Ukiangalia namba tu, RTX 5090, kadi ya michoro ya NVIDIA iliyotoka Januari 2025, inaiacha mbali RTX 4090 ya mwaka 2022: kumbukumbu ya GB 32 aina ya GDDR7 dhidi ya GB 24 za GDDR6X, na viini vya CUDA (vitengo vidogo vya kufanya hesabu ndani ya kadi) 21,760 dhidi ya 16,384. Ukianza kucheza, pengo linapungua. Kwenye skrini ya 4K, 5090 huizidi mwenzake kwa takribani asilimia 30. Shuka hadi 1440p, yenye pikseli chache zaidi, na mara nyingi prosesa ndiyo inayochelewa, kadi zote mbili zikiisubiri.

Kinachopigiwa debe zaidi ni DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA inayotumia akili bandia kuongeza fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo kwenye skrini. Kwa kila fremu inayochorwa kweli, 5090 inaweza kubuni hadi tatu za ziada. 4090 inaishia moja. Idadi ya fremu inapaa, lakini vidole havidanganyiki. Gemu ikianzia fremu 30 kwa sekunde, ukigeuza kamera ghafla utaona picha laini huku mwitikio wa kipanya ukiburuta. Ikianzia 70, hapo ni raha tupu.

Umeme nao si mchezo: 4090 hula hadi wati 450, 5090 hadi 575, na NVIDIA wanapendekeza pawasaplai ya wati 1,000. Joto lote hilo linaishia chumbani mwako. Na plagi ya pini 16 inayoingiza umeme kwenye kadi, isukume mpaka izame kabisa. Za 4090 zimewahi kuyeyuka.

Mwenye 4090 atulie tu. Anayetoka kwenye kadi ya GB 8, na skrini ya 4K anayo, achukue 5090.