Mwalimu wa utulivu alimnyima mama kiti

Nilijiandikisha mafunzo haya ya utulivu wa akili, wiki 8, kila Jumamosi asubuhi, na ada yake si ndogo. Ukumbi msafi, mikeka mizuri, chai ya tangawizi ipo. Kwa hayo sina neno.

Siku hiyo, sijui ilikuwa wiki ya tatu au ya nne, tumekaa chini, miguu tumeikunja, tunafuata pumzi. Mama mmoja wa rika la mama yangu mzazi akajivuta hadi ukutani, akanyoosha miguu, akaomba kiti kwa sauti ya chini: "Mwanangu, magoti yananisumbua." Mwalimu hata kumsogelea hakumsogelea. Akamjibu mbele yetu sote: "Wewe mama, kama huwezi kukaa kama wenzako, nenda nyumbani. Unatuharibia utulivu." Na viti vilikuwepo, vimebebana pale nyuma, naviona kwa macho yangu! Mama akajifunga khanga yake vizuri, akaokota kandambili, akatoka. Hakurudi tena.

Mpaka leo nina uchungu. Mafunzo ya aina hii yalianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa, wengi wao wakiwa na maumivu sugu. Yaani walengwa ni watu kama yule mama hasa! Na ukirudi kwenye chimbuko lake, mafundisho ya Budha, mtu anaelekezwa kuwa macho na hali yake akiwa anatembea, amesimama, amekaa au amejilaza. Sasa kiti kina kosa gani?

Niseme kweli, lile zoezi la kulala chali na kuupitia mwili taratibu kuanzia vidole vya miguu limenifaa. Nilikuwa nakesha hadi saa nane za usiku nikiwaza madeni, siku hizi mara nyingi usingizi unanichukua kabla sijafika mabegani. Kwa hilo tu ningewaambia nendeni. Lakini nikifika magotini namkumbuka yule mama, na hasira inapanda upya. Hapana, siwashauri. Zoezi lenyewe unaweza kulifanya kitandani kwako, bure.

Na nyie wenye kituo, namba yake mnayo kwenye daftari la mahudhurio. Mpigieni, mwombeni radhi, mrudishieni hela yake yote.