Uzoefu wangu na "Bekhauf": Bloodywood wa Delhi na Babymetal wa Tokyo

Mimi ni fundi cherehani, Kibokoni, Mombasa. Kutwa nzima muziki unalia kibandani kwangu, na kwa miaka mingi ulikuwa taarabu na nyimbo za filamu za Kihindi, basi. Hevi metali niliichukulia kuwa makelele ya mpwa wangu. Yeye ndiye aliyeniletea "Bekhauf", wimbo wa metali wa bendi ya Bloodywood wakiwashirikisha wasichana wa Babymetal. Albamu yenye wimbo huo, Nu Delhi ya Bloodywood, ilitoka tarehe 21 Machi 2025, ndani ya Ramadhani, nguo za Idi zimenijaa mpaka mlangoni, kwa hiyo nikaja kuisikiliza baada ya sikukuu.

"Halati, sikiza hii. Wahindi wako wamo humu."

Mara ya kwanza sikuupenda, na kosa halikuwa la wimbo. Nilisikiliza kwa visikizi vya bei rahisi nilivyonunua njiani, upande mmoja ukikatika kila nikigeuza shingo. Kilichonifikia ni michirizi ya matoazi na mtu anayenguruma. Nikamrudishia simu yake. Jioni akauweka kwenye spika kubwa ya kibandani, na hapo ndipo dhol ilipoingia.

Asiyeijua dhol: ni ngoma ya Kipunjabi, ya kuvaliwa shingoni, yenye nyuso mbili. Uso mmoja hupigwa kwa fimbo nene iliyopinda, ukatoa mvumo; wa pili kwa kijiti chembamba, ukatoa mlio mkali. Ni kana kwamba umechukua chapuo na vumi ukazifunga katika mwili mmoja. Hapa kwetu tumeisikia kwenye arusi za Wahindi, bwana arusi anapoletwa. Sasa ichukue ngoma hiyo ya furaha uipange bega kwa bega na magitaa ya umeme yaliyolegezwa nyuzi, sauti ikawa nzito mpaka inatikisa kioo cha kabati. Nilikuwa napinda upindo wa buibui. Mguu ulio kwenye kanyagio ukaanza kuifuata dhol wenyewe, sindano ikakimbia, na nilipotazama nilikuwa nimepita alama ya chaki kwa inchi mbili nzima. Nilifumua, nikarudia kushona, na wimbo nikaurudia pia.

Wanaokutana humu ni watu ambao ungedhani hawawezi kukaa meza moja. Bloodywood ni wanaume wa Delhi. Karan Katiyar, anayepiga gitaa na filimbi na kutengeneza muziki wenyewe, alikuwa mwanasheria wa makampuni kabla ya kuacha kazi. Jayant Bhadula huimba na kunguruma, na Raoul Kerr huchana mistari kwa Kiingereza. Walianza kwa kuzigeuza nyimbo za watu wengine kuwa metali, kwa mzaha, kwenye YouTube. Albamu yao ya nyimbo zao wenyewe, Rakshak, ikatoka 2022. Mashairi yao huzungumzia mambo mazito ya jamii, na metali yao imejaa vyombo vya kienyeji.

Babymetal wametoka upande mwingine kabisa. Kundi lilianza 2010, mwimbaji mkuu Su-metal akiwa na miaka 12 tu, mwenzake Moametal akiwa mdogo kuliko yeye. Wajapani wana vikundi vya wasichana wanaoimba na kucheza kwa hatua zilizopangwa, na aliyewaunda Babymetal alichukua mtindo huo akautia ndani ya magitaa na ngoma za kasi. Watu wakauita kawaii metal, kawaii likiwa neno lao la kitu kinachopendeza kama mtoto. Momometal alijiunga nao rasmi 2023. Kuna wapenzi wa metali waliowakataa tangu siku ya kwanza, wakisema hawa ni wanasesere. Tarehe 30 Mei 2025 wanasesere hao walipanda jukwaa la O2 Arena, London.

Kinachonifanya niupende "Bekhauf" ni kwamba hakuna aliyejipunguza ili mwenzake aenee. Jayant ananguruma kama kawaida yake. Raoul anachana kama kawaida yake. Kisha Su-metal anaingia kwa sauti iliyonyooka kama uzi uliovutwa, hailii wala haitetemi, na uzito wote ulio chini yake unaonekana umepangwa hivyo ili yeye apate pa kusimama. Nimewahi kusikia nyimbo nyingi za kushirikiana ambazo mgeni ametiwa kama kifungo cha urembo: ukikitoa, nguo inavaliwa vilevile. Hapa ukimtoa Su-metal, wimbo unafumuka.

Mamangu alikuwa chumba cha pili. Hajui metali, lakini amekulia kwenye sinema za Kihindi. Akaita kutoka huko: "Huyo asema hana hofu!" Na ndivyo. Be ni "bila", neno la Kiajemi. Khauf ni neno la Kiarabu, lile lile lililotupa sisi hofu. Bekhauf, bila hofu. Kwenye albamu hiyo hiyo kuna wimbo uitwao "Kismat", na hilo sina haja ya kumtafsiria mtu wa Mombasa.

Mji huu una sababu ya kuelewa mambo haya. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alichukua tuni za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na leo ukipita mitaani bado utamsikia. Alizichukua zikawa zake. Nilipomsikia Su-metal juu ya dhol nilimkumbuka yeye.

Malalamiko ninayo mawili. Magitaa yanapojaa, dhol inamezwa, nami ningeipandisha kidogo. Pia ningetaka kuwasikia Moametal na Momometal zaidi. Makelele yao ya kuitikiana ndiyo chumvi ya Babymetal.

Hilo la pili limepata dawa kiasi, kwa sababu Babymetal waliwaalika Bloodywood kwao. Albamu yao Metal Forth ilitoka 8 Agosti 2025, nyimbo kumi, saba kati yake za kushirikiana: wamo Slaughter to Prevail, Electric Callboy wa Ujerumani, Spiritbox wa Kanada, Polyphia, hata mpiga gitaa Tom Morello. Wa Bloodywood unaitwa "Kon! Kon!". Kon kon ni mlio wa mbweha kwa Kijapani, na mbweha ndiye alama yao. Mashabiki hunyoosha vidole kwa umbo la kichwa chake pale ambapo wapenzi wengine wa metali hunyoosha vidole viwili kama pembe. Huu umechangamka, una mchezo mwingi, na mpwa wangu anaupenda kuliko ule wa kwanza. Mimi hapana. Unanifurahisha, lakini haunisimamishi mashine.

"Bekhauf" naupa nyota tano, "Kon! Kon!" nyota tatu na nusu. Ukitaka kujaribu, usitumie spika ya simu; dhol yote itapotea na utabaki na vurugu niliyoisikia mimi siku ya kwanza. Tafuta spika yenye besi, au visikizi vizuri vya kuazima. Mwezi uliopita nilinunua vipya, vya kufunika sikio zima, na upande wa kijiti chembamba sasa nausikia kila pigo, hata magitaa yanapojaa.